Nani Anamfundisha Mhadhiri?

Juma hili nataka tumzungumzie mtu ambaye wengi wetu humtaja kwa heshima, na waliopita mikononi mwake humtaja pia kwa woga. Ni mwalimu wa chuo kikuu. Swali langu juu yake ni dogo: kazi ya kufundisha alifundishwa na nani?

Siulizi alisoma wapi. Hilo linafahamika, na vyeti vyake vimetundikwa ukutani ofisini. Nauliza juu ya kufundisha kwenyewe, yaani kupanga somo, kutambua kama wanafunzi wameelewa au wanaitikia tu, kutunga mtihani unaopima kile kilichofundishwa, na kumrudisha njiani yule aliyepotea tangu juma la pili la muhula.

Hebu tuipande ngazi ya elimu kutoka chini. Mwalimu wa shule ya msingi hupitia chuo cha ualimu. Huko hujifunza namna mtoto anavyoelewa mambo, huandika azimio la kazi na andalio la somo mpaka vidole vikamwuma, hutengeneza zana kwa maboksi na vizibo vya soda, kisha hupelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha ambako mkufunzi hukaa nyuma ya darasa na kalamu nyekundu mkononi. Mwalimu wa sekondari naye, awe wa stashahada au wa shahada, hupita njia hiyo hiyo. Ukifika chuo kikuu ngazi inakatika. Katika vyuo vikuu vyetu vya umma hapa Tanzania, kijana aliyemaliza shahada ya kwanza kwa wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 aweza kuomba nafasi ya kubakishwa chuoni kama mwalimu wa ngazi ya chini kabisa. Akishapata, hupewa ratiba na orodha ya wanafunzi. Mwaka jana alikuwa amekaa kwenye viti vile, mwaka huu amesimama mbele yake.

Kwa hiyo, anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza ba, be, bi, bo, bu hudaiwa cheti cha ualimu. Anayemfundisha daktari, mhandisi na hakimu wa kesho hadaiwi.

Msikilizaji mmoja atasema: lakini hao husomeshwa sana, tunasikia kila mara wamekwenda Ulaya, Marekani, Japani. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Kwa muda mrefu mafunzo ya watumishi wa chuo kikuu yamekuwa na maana moja tu katika fikra zetu, nayo ni kumpeleka mtu akapate shahada kubwa zaidi. Maana hiyo ina historia yake, na ni historia ya kujivunia.

Chuo chetu cha kwanza, kile cha Dar es Salaam, kilifungua milango Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15, wote wa sheria. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, na walimu karibu wote walikuwa wageni. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kila aliyekuwa na akili timamu aliona kwamba taifa haliwezi kuwa na chuo chake huku likiazima walimu milele. Basi vijana waliofanya vizuri walichaguliwa, wakapelekwa nje, wakarudi. Idara ya historia ni mfano mzuri. Profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, Mwingereza, alifika mwaka 1963 na kuondoka mwaka 1969. Wakati huo alikwisha kurudi Isaria Kimambo, mtoto wa Upareni, akiwa na shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mwaka huo huo wa 1969 kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Mtanzania mwenzake, Arnold Temu. Julai 1970, chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili, kulikuwa na wenyeji wa kukisimamisha.

Baadaye ukaja mpango ambao Waswidi waliusaidia kwa miaka mingi tangu miaka ya 1970. Badala ya mwalimu kutoweka nchini kwa miaka minne, alikaa miezi kadhaa Uswidi na miezi kadhaa nyumbani, akifanya utafiti wake huku huku, juu ya maji yetu, misitu yetu na magonjwa yetu. Mpango huo ulipunguza idadi ya wale waliokwenda na wasirudi, kwa sababu mtu ambaye shamba lake la utafiti liko Morogoro atarudi Morogoro.

Mgala muue na haki yake mpe. Bila safari zile tusingekuwa na vyuo vikuu. Lakini tazameni kilichofundishwa katika safari zile. Mtu alifundishwa kutafiti. Shahada ya uzamivu ni mafunzo ya kuchimba jambo moja kwa kina, peke yako, miaka mitatu, minne au mitano, na kulitetea mbele ya wajuzi wachache. Ni kazi ngumu na ya heshima. Haina uhusiano wa lazima na kusimama mbele ya vijana 400 saa nane mchana, umeme umekatika, na nusu yao hawajala.

Zamani pengo hilo halikuonekana sana, kwa sababu darasa lilikuwa dogo. Mwalimu wa watu 15 hata akifundisha vibaya atawaona usoni kwamba hawakuelewa, na watamfuata ofisini. Mambo yalibadilika kwa hatua mbili. Kwanza, katika miaka ya 1990, serikali ikiwa katika masharti ya kurekebisha uchumi ilisimamisha ajira mpya katika utumishi wa umma. Vyuo vikaacha kubakisha vijana wake. Wazee wakaendelea kuzeeka, nyuma yao hakuna mtu. Pili, tangu mwanzo wa karne hii, milango ilifunguliwa. Mwaka 2005 vilianza vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, mwaka 2007 kikaanza Chuo Kikuu cha Dodoma, na vya watu binafsi na mashirika ya dini vikaota kila mkoa. Wanafunzi wakaja kwa maelfu, walimu wa makamo hawapo, wazee wanastaafu. Hali ilikuwa ya kubana hata mwaka 2018 sheria ikarekebishwa ili maprofesa waweze kuendelea na utumishi hadi miaka 65. Pengo likazibwa kwa vijana, na kijana aliyeanza kazi Jumatatu, Jumanne alikuwa mbele ya ukumbi uliojaa hadi madirishani.

Mimi nilipita chuo cha ualimu kabla ya kwenda chuo kikuu, kwa hiyo nilikaa darasani nikiwa na jicho la fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine. Mmoja wa wahadhiri wetu, ambaye jina lake na chuo chake naviweka kando, alikuwa bingwa wa somo lake, na vitabu alikuwa ameandika. Aliingia na daftari ambalo karatasi zake zilikwisha kugeuka rangi ya manjano, akafungua alipoweka alama, akasoma. Sisi tukaandika. Muda ulipokwisha alilifunga katikati ya sentensi, na juma lililofuata aliendelea na sentensi ile ile kutoka ilipokatika. Laiti mkufunzi wangu wa zamani angekuwa amekaa nyuma na kalamu yake nyekundu! Hata hivyo simlaumu sana bwana yule. Alifanya kama alivyofanyiwa.

Wanafunzi nao si wajinga. Kama somo ni kusomewa daftari, basi daftari lenyewe linatosha. Ndipo yakazaliwa yale wanayoyaita madesa, yaani nukuu zilizotolewa nakala, zinazorithishwa mwaka hadi mwaka kutoka kwa waliotangulia. Kijana hununua desa kwenye duka la kutoa nakala pale getini, analikariri usiku wa kuamkia mtihani, analitapika kwenye karatasi, na baada ya juma moja halimo tena kichwani. Asipofaulu anapata sapu, na sapu zikizidi anadisko, yaani anafukuzwa masomo. Wazee mtanisamehe kwa msamiati huu, lakini ndio lugha ya huko, na watoto wenu wanaijua vizuri.

Hapa pana fedha za watu. Mzazi ameuza ng'ombe. Au kijana amekopa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na atakapopata kazi atakatwa kila mwezi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato hayo kuwa asilimia 15 ya mshahara. Kijana huyo analipia kwa miaka mingi mhadhara ambao hakuuelewa siku ulipotolewa. Na mgonjwa, na daraja, na darasa la sekondari atakalokabidhiwa, navyo vitalipa kwa namna yake.

Sasa hebu niwaeleze jambo ambalo linanivutia zaidi katika habari hii yote. Je, kufundishwa kufundisha kunasaidia, au ni maneno ya watu wa elimu wanaojitafutia kazi? Kwa sababu wapo maprofesa wanaosema waziwazi kwamba ukilijua somo lako, kufundisha kutakuja kwenyewe.

Yupo mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aitwaye Eric Mazur. Wanafunzi wake ni katika waliochujwa sana duniani, naye mwenyewe alijiona mwalimu mzuri, na wanafunzi walimsifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwapa maswali mepesi yasiyohitaji hesabu yoyote. Kwa mfano, lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma jingine kwa nguvu zaidi? Mwanafunzi wa fizikia hana budi kujua kwamba nguvu ni sawa kwa sawa pande zote mbili, ila gari dogo ndilo linaloumia kwa kuwa ni jepesi. Mmoja wa wanafunzi akamwuliza: nijibu kama ulivyotufundisha, au kama ninavyofikiri mwenyewe? Wengi walishindwa, na ni wale wale waliokuwa wakikokotoa mahesabu ya kurasa mbili bila kukosea. Walikuwa wamekariri njia. Hata Harvard, ndugu zangu, kuna madesa.

Mazur akabadili namna ya kufundisha. Anaeleza jambo kwa dakika chache, kisha anauliza swali moja lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi anafikiri peke yake na kuonyesha jibu lake. Wakigawanyika, anawaambia: geuka kwa jirani yako, mshawishi kwamba jibu lako ndilo sahihi. Ukumbi unakuwa kama soko kwa dakika mbili tatu. Kisha wanaonyesha majibu tena, na aghalabu walio sahihi wameongezeka, kwa sababu kijana aliyelielewa jambo jana anakumbuka bado lilipomsumbua, ilhali profesa alikwisha kusahau miaka 30 iliyopita. Mwalimu naye anajua papo hapo aendelee mbele au arudie.

Tafadhali angalieni gharama yake. Haihitaji kompyuta. Wanafunzi 400 waweza kuonyesha jibu kwa vidole vilivyowekwa kifuani, kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, ili jirani asiige. Kinachohitajika ni mwalimu anayejua kutunga swali lile, na hilo ndilo gumu. Swali likiwa jepesi mno wote wanapata, likiwa gumu mno wote wanakosa, na hakuna cha kubishania. Ni ufundi, na ufundi hufundishwa.

Wala si Mazur peke yake. Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake huko Marekani walikusanya pamoja matokeo ya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakilinganisha madarasa ya kuhadhiri tu na madarasa ambamo wanafunzi wanafanya jambo fulani wakati wa somo. Kwa wastani, katika kila wanafunzi 100 waliohadhiriwa tu, walifeli 34. Katika madarasa mengine walifeli 22. Mtu aweza kusema kwamba tafiti hizo ni za nchi zenye viti vya kutosha na vipaza sauti. Sawa. Lakini tofauti ya vijana 12 katika kila 100 ni kubwa, na katika ukumbi wa watu 400 ni karibu 50. Hata tukipata nusu yake tu, hizo ni familia 25 zisizopokea simu ya huzuni mwisho wa mwaka.

Nchi nyingine zimekwisha kulitambua jambo hili. Uingereza, ripoti kubwa ya elimu ya juu ya mwaka 1997, ile ya Dearing, ilitaka walimu wa vyuo vikuu wapewe mafunzo ya kufundisha yanayotambulika. Norway tangu 2019 inadai saa zisizopungua 200 za mafunzo hayo. Lakini kwa nini twende mbali? Jirani yetu Ethiopia, mwaka 2003, ilianzisha mafunzo ya mwaka mmoja kwa wakufunzi wa ualimu, na baadaye yakapanuliwa kwa walimu wa vyuo vikuu kwa jumla. Wanayafanya huku wakiendelea na kazi, wakitazamana darasani na kuandika wanachokiona. Wapo walioyalalamikia kuwa ni mzigo wa makaratasi juu ya mzigo wa vipindi, na malalamiko hayo yana ukweli wake. Hata hivyo kanuni imewekwa kwamba anayeingia kwenye kazi hii ana jambo la kujifunza.

Na hapa kwetu hatujakaa bure. Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, waliandaa mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2011, inayomtaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kukifanya mbele ya mgonjwa, na ilibidi walimu wenyewe wajifunze upya namna ya kufundisha na kupima. Kati ya 2018 na 2021, Mzumbe na Dodoma, pamoja na vyuo vikuu vya Gulu na Uganda Martyrs huko Uganda, walikuwa katika mradi mmoja wa kubuni upya kozi zao. Mhadhiri alikaa chini na kuanza na swali: kozi hii ikiisha, kijana huyu aweze kufanya nini? Kutoka hapo alirudi nyuma kupanga mazoezi, kisha mada. Aghalabu sisi huanza na mada, tukazirundika mpaka muhula ukajaa. Walijifunza pia kutazama ni nani anayenyamaza darasani na kwa nini, maana mara nyingi wanaonyamaza ni wasichana. Jambo lililonipendeza ni kwamba waliofuzu walitakiwa wawafundishe wenzao, badala ya kila mara kumngoja mgeni aje na begi lake.

Vyuo vingi vina pia kozi fupi kwa waajiriwa wapya, za siku chache au majuma machache. Ni mwanzo mwema. Lakini sote twaijua semina ya Kitanzania. Asubuhi ni ufunguzi wa mgeni rasmi, saa nne ni chai, baada ya chai mtoa mada anasoma kutoka ukutani maneno yale yale yaliyomo kwenye makabrasha, mchana ni chakula, na jioni watu wanapanga foleni ya posho. Hebu fikirini: mtu anasomewa kwa saa sita mhadhara juu ya ubaya wa kusoma mhadhara! Mafunzo ya kufundisha hayawezi kufanyika hivyo. Yapo yanapofanana na yale ya mwalimu wa msingi: unafundisha darasa lako mwenyewe, mwenzako amekaa nyuma, baadaye mnazungumza, na juma lijalo unajaribu tena.

Kwa nini basi wahadhiri wenyewe hawayakimbilii? Jibu nimelisikia kwa wengi, nalo ni la haki. Cheo hupatikana kwa machapisho. Makala katika jarida la kitaaluma huhesabiwa alama, na alama zikitimia mtu hupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, hadi profesa. Anayekesha akitunga maswali mazuri kwa mwaka wa kwanza hapandi popote. Hata ile likizo ya kitaaluma, ambayo Harvard walianza kuitoa mwaka 1880 ili mwalimu apumzike na kujinoa, wengine huitumia kufundisha vyuo vya binafsi ili walipe ada za watoto. Sikuwacheka. Kenya, mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo uliotaka wahadhiri wawe na uzamivu na kuwapa miaka mitano wasiokuwa nao. Muda ulipokaribia kwisha mwaka 2019 kelele zilikuwa nyingi, na kelele zote zilikuwa juu ya shahada.

Nisiwasahau watumishi wengine, kwa sababu chuo kikuu hakiendeshwi na wahadhiri peke yao. Yupo mkutubi, yupo karani wa masjala ambaye faili la mwanafunzi likipotea mikononi mwake cheti kinapotea, na yupo fundi sanifu wa maabara. Huyu wa mwisho ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote. Katika chuo kimoja nilionyeshwa mashine ya kupimia kemikali, zawadi ya wafadhili, imefunikwa kitambaa kama meza ya harusi. Iliungua taa yake ndogo baada ya umeme kuruka, na tangu siku hiyo haikuguswa, kwa kuwa aliyefundishwa kuitengeneza alikwisha kustaafu na ujuzi wake. Wanafunzi walichorewa mashine ubaoni, hali yenyewe iko hatua tatu kutoka walipokaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wa eneo hili, kwa msaada wa Waswidi, waliunda mtandao wa watumiaji wa vifaa vya sayansi wa Afrika ya Mashariki na Kusini, uliotoa mafunzo ya kutunza na kutengeneza vifaa. Wazo lilikuwa zuri, lakini hapana budi liwe kazi ya kila mwaka katika bajeti ya chuo chenyewe. Mafunzo ya fundi mmoja ni bei ndogo sana ukilinganisha na mashine. Tatizo ni kwamba mashine hupigwa picha ikikabidhiwa, na fundi hapigwi picha.

Hapo tunagusa fedha. Mwaka 2021 uliidhinishwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya Tanzania, na pamoja na majengo, sehemu yake ni ya kusomesha watumishi. Ni fedha nyingi na tutazilipa. Ombi langu kwa wenye mamlaka ni kwamba katika hesabu za mafunzo tusihesabu tu ni wangapi wamerudi na uzamivu. Tuhesabu pia ni wangapi wametazamwa darasani na mwenzao walau mara mbili kwa mwaka, na ni mashine ngapi zilizokuwa chini ya vitambaa zinawaka. Na kijana mpya apunguziwe vipindi katika mwaka wake wa kwanza, apate nafasi ya kukaa nyuma ya darasa la mwalimu hodari. Najua wakuu wa idara watasema hawana watu. Lakini kijana anayeachwa avurunde miaka mitatu ya mwanzo atafundisha hivyo hivyo kwa miaka 30 inayofuata.

Kuna jambo moja ambalo laweza kuanza muhula huu bila mkopo wa mtu. Vyuo vyetu huwapa wanafunzi hojaji ya kumpima mhadhiri, nayo hujazwa muhula unapokaribia kwisha. Wanafunzi huijaza haraka haraka, wengine kwa hasira na wengine kwa kumwonea mwalimu haya. Majibu yakimfikia mhadhiri, ikiwa yatamfikia, darasa lile limekwisha kutawanyika. Mhadhiri hahitaji kungoja ofisi. Juma la tano agawe vipande vya karatasi visivyo na majina, aulize mambo mawili: ni kipi mpaka sasa hamjakielewa, na ni kipi nikifanya kinawasaidia. Avisome usiku huo. Juma la sita, wale wale waliomwandikia watakuwa bado wamekaa mbele yake.